Mkono wa Pili Uko Dukani

Mimi ni mama yake Mboni, na haya nayaandika kwa ajili ya akina mama wenzangu wenye mabinti wanaotaka kazi za kisasa. Shule nilikwenda hadi darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutafuta maneno ya fahari asiyatafute humu. Langu ni moja tu: ukiona mwanao hagusi chakula kwa sababu mwenzake kasifiwa, usiseme ni utoto, utapita. Mkalishe siku ile ile mzungumze.

Sisi ni watu wa Ngamiani, hapa Tanga. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, kazi yake ilikuwa kualika. Pakiwa na harusi au Maulidi, wenye shughuli humwita wakamtajia siku, naye hupita nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake. Kazi ile si kupaza sauti njiani. Yataka ujue nani kagombana na nani, nani ana mgonjwa, nani kafiwa, nyumba ipi uingie unacheka na ipi uingie umeinamisha kichwa. Na usiruke mlango hata mmoja, maana mwanamke aliyerukwa mwaliko hasahau mpaka anaingia kaburini. Mboni alifuatana na bibi yake tangu yu mdogo, na bibi alipofariki, watu wakaanza kumwita yeye. Sauti anayo, na habari za nyumba zote za mtaani anazo kichwani.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Idarusi.

Bwana Idarusi alikuwa mtu wa matangazo wa kampuni moja iliyoleta sabuni ya kuogea yenye manukato, Sabuni ya Mawardi. Alikuwa na gari lenye kipaza sauti juu. Likisimama, wanaume hulizunguka, wakasikiliza santuri, wakacheka, wakaenda zao. Sabuni hainunuliwi. Wanunuzi wake wako uani wanapika, wala hawatoki kwenda kulisikiliza gari. Siku moja akamsikia Mboni kwenye baraza ya jirani akialika harusi, na mwanamke wa nyumba ile, mvivu wa kutoka kama nini, katoka na mwiko mkononi kuja kumsikiliza.

Akaja kwangu kwa adabu, akakaa barazani.

"Mama, mwanao akiweza kumtoa mtu jikoni kwa maneno, sabuni ataiuza. Si kazi ya aibu. Huko Ulaya watu wamejenga majumba kwa matangazo."

"Huko Ulaya hawana majirani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wanao, mama. Ila hawajuani."

Baba yake Mboni, aliyekuwa kuli bandarini, akasema kama ni kuingia kwa wanawake wenzake, na aende. Basi Mboni akapewa beseni, birika la maji na kikapu cha sabuni, akaanza. Anaingia, anauliza hali, anamshika mwenye nyumba mkono, anamwosha kwa sabuni ile, anamwambia anuse. Sabuni ikaanza kutoka madukani. Nilimwona mwanangu anatembea kwa kunyanyua shingo, na mimi nikanyanyua yangu.

Kisha meneja wa kampuni akataka msichana wa pili, aliyesoma zaidi, atakayeweza kusema na wake za makarani kule Chumbageni na wake za manyapara kwenye mashamba ya mkonge. Wakamleta Bertha, binti Asheri. Baba yake alikuwa nyapara kwenye mkonge upande wa Maramba, Mlutheri, na Bertha mjini hapa alikaa kwa mjomba wake, karani wa reli kule Chumbageni. Mrefu, mkimya, kavaa viatu vyeusi vya kamba kama mwalimu.

Mboni aliambiwa amfunze. Siku ya kwanza alirudi anacheka mpaka kashika mbavu.

"Mama, kagonga mlango kwa ngumi kama askari! Kaingia na viatu mpaka kwenye mkeka. Anasema, 'Habari za asubuhi, ninatangaza sabuni.' Mwenye nyumba akamjibu, 'Na mimi natangaza kuwa napika!'"

Tulicheka sote. Na Mboni, nisimdhulumu, alimfunza vizuri. Alimfunza kupiga hodi akasubiri. Alimfunza kuvua viatu, kujifunga kanga juu ya gauni, kumsifu mtoto kwa kusema mashallah kwanza, kuuliza watu wote wa nyumbani kabla ya kutaja sabuni. Wakawa na utaratibu wao: kabla ya kila mlango Mboni humnong'oneza Bertha aliyemo ndani ni nani na ana jambo gani. "Humu mna mwari, usimtazame sana." "Huyu kaachwa juzi, usimuulize mume." Bertha husikiliza akiinamisha kichwa, kisha huingia.

Bertha alikuja kwangu mara nyingi siku zile. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akila, huosha vyombo bila kuambiwa. Mama yake, Ruthi, alinitumia maharage ya Maramba kwa ahsante.

Ikawa siku moja, ndani ya nyumba yenye wanawake wengi, Bertha kamwosha mwenye nyumba mkono mmoja, kisha kakaa kimya anafunga kikapu.

"Na huu mwingine?" mwanamke akauliza.

"Mkono wa pili uko dukani, bibi."

Walicheka wanawake wale hata mmoja akamwaga uji. Yule mwenye nyumba akawa ananusa mkono huu, ananusa ule, anapeleka puani kwa wenzake: "Hebu sikia huu! Na huu sasa!" Kabla ya adhuhuri alikuwa kamtuma mtu dukani. Tangu siku ile Bertha akawa haoshi mikono miwili. Bwana Idarusi aliposimuliwa alijipiga paja. "Hilo ndilo tangazo! Hilo ndilo!" Akalisema kwenye kipaza sauti, Ngamiani yote ikalishika. Watoto wakigawana miwa wanasema mkono wa pili uko dukani. Mwanamke akiombwa chumvi anasema mkono wa pili uko dukani.

Mboni aliacha kucheka.

"Nani kamfunza kushika mkono?" aliniuliza jioni ile, sahani iko mbele yake haijaguswa. "Nani? Mimi. Sasa wanasema tangazo la Bertha. Mimi sina jina."

"Si kazi ni ya wote wawili?"

"Ya wote wawili kuibeba. Ya kusifiwa ni ya mmoja. Mshamba wa mkonge! Jana hajui kukaa mkekani, leo Bwana Idarusi anamwita 'mtaalamu wangu'."

Nami, mama mtu, nilipomsikia jirani akisema maneno yale ya Bertha huku akichuma mchicha, kifuani kulinichoma. Kwa hiyo sikumkemea. Nilimwambia ale, basi.

Baadaye likaja jambo la picha. Kampuni ilitaka picha kubwa ya rangi, ibandikwe madukani toka Tanga hadi Moshi, picha ya msichana na sabuni mkononi. Na atakayekuwa kwenye picha ndiye atakayekwenda na gari huko kote, mkubwa wa wanadi wote wa kike, na wasichana wapya watafunzwa naye. Bwana Idarusi akawaambia wote wawili: "Meneja atakuja kuwatazama mkifanya kazi, halafu atachagua mmoja."

Mboni akaitaka picha ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Usingizini alikuwa akitaja miji. Asubuhi alisimama mbele ya kioo, anainua mkono hivi, anauinua hivi. Akaja kusikia kuwa Bertha amepelekwa kwa mpiga picha kujaribiwa, yeye hakuitwa. Hakulia. Alikaa kitako kwenye kizingiti akachambua mchele, akawa anatupa chuya na mchele pamoja. Niliona, nikajisemea ni utoto, utapita.

Siku aliyokuja meneja nilimtungia Mboni kikuba cha asumini cha nywele. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga yangu nikatungia huo. Alitoka ananukia mpaka mwisho wa barabara.

Sasa mjue hili. Katika barabara waliyopangiwa siku ile mna nyumba ya Bi Mwanamvua. Mumewe, Mzee Miraji, alikuwa amefariki akiwa Mwera, kule Pangani, alikokwenda kuwatazama ndugu zake, akazikwa huko huko, na matanga yakawekwa huko. Hapa mtaani hapakutandikwa mkeka wala hapakukusanyika watu. Mjane alirudishwa kimya akaingia eda nyumbani kwake. Kila mtu wa Ngamiani alijua. Mtu wa Maramba anayelala Chumbageni angejulia wapi? Na eda yetu ni hiyo: mjane hatoki, hajipambi, hatii wanja, hapaki hina, wala hagusi kitu chenye manukato mpaka siku zake zitimie.

Wakafika mlangoni kwake. Gari limesimama kwenye kona, meneja na Bwana Idarusi wanatazama nani anaingia na nani anatoka anacheka. Bertha akainamisha kichwa asikilize, kama kawaida yao.

Mboni akatia mkono kichwani, akakichomoa kile kikuba cha asumini, akakiweka juu ya baraza.

"Mbona unakivua?" Bertha akauliza.

"Kichwa kinaniuma kwa harufu. Ingia tu, mwenyewe yumo."

Hakusema zaidi. Bertha akapiga hodi, akasubiri, akasikia karibu. Akavua viatu, akaingia peke yake.

Bi Mwanamvua alikuwa kakaa juu ya mkeka, kavaa nguo nyeupe. Chumba kina kiza kidogo. Dada yake anayemwangalia alikuwa dirishani anakunja nguo. Bertha akauliza hali, akauliza watu wa nyumbani, kwa adabu kabisa. Mjane akadhani huyu ni mgeni aliyechelewa kusikia msiba, kaja kutoa pole. Akanyoosha mkono wake apewe pole. Bertha akaupokea mkono ule, akauweka juu ya beseni, akamimina maji, akapitisha sabuni. Haraka, kama walivyozoea, maana mkono ukishaloa mtu hawezi tena kukataa.

Harufu ya mawardi ikajaa chumbani. Na mawardi ndiyo waliyoinyunyizia sanda ya Mzee Miraji.

Yule mama akatoa sauti ambayo Bertha aliniambia baadaye kuwa bado anaisikia. Dada mtu akarukia beseni. "Lahaula! Wewe mtoto, una wazimu? Humu mna eda!" Bertha hata neno lenyewe hakulijua. Wanawake wa jirani wakaingia mbio. Bi Mwanamvua kanyoosha mkono mbali na mwili wake kama si wake, analia: "Leteni majivu! Leteni majivu, harufu initoke!" Wakausugua kwa majivu mpaka ukawa mwekundu. Bertha katoka pekupeku, viatu vyake vimebaki mlangoni.

Mboni kwa wakati ule alikuwa amekwisha kufika kwenye kona, kasimama karibu na gari.

Kufikia alasiri hapakuwa na mwanamke Ngamiani aliyetaka kuisikia Sabuni ya Mawardi. Wengine waliirudisha dukani ikiwa imeanza kutumika, muuza duka akabaki kuhesabu vipande. Bwana Idarusi akawaita wasichana wake barazani kwangu, uso umemwiva.

"Nani aliingia kwa mjane?"

"Ni mimi," Bertha akasema. "Mboni hakuwamo. Sikuuliza vizuri, kosa langu."

Nilimtazama mwanangu. Mboni anatazama kucha zake. Bwana Idarusi akasubiri, na mimi nikasubiri.

"Mimi sikuingia," Mboni akasema. Basi.

Bertha akarudishwa kwa mjomba wake. Mboni akaambiwa ajitayarishe kwa mpiga picha. Usiku ule alikula sahani mbili, akaimba akiosha sufuria, nami nikamshukuru Mungu kwamba mtoto amerudi kula.

Baada ya siku chache Bi Mwanamvua akaniita. Nilioga kwa maji matupu nikaenda. Alikuwa palepale mkekani. Hakunilaumu. Alimwambia dada yake, "Mwonyeshe," na yule dada akaniongoza mpaka ukumbini, akafunua jani la mgomba. Ndani mna asumini zimekauka, zimekuwa rangi ya chai, na uzi mwekundu.

Niliujua uzi wangu. Nikarudi nikakaa chini kabla sijakaribishwa.

"Dada yangu alikuwa dirishani," Bi Mwanamvua akasema. "Alimwona mwanao akizitoa kichwani. Tulidhani naye anakuja ndani, tukasema huyu kalelewa, hakutaka kuingia kwangu ananukia. Mama Mboni, asiyejua angeingia nazo. Aliyezivua alijua."

"Bi Mwanamvua..."

"Mimi sitamwambia mtu. Lakini dada yangu ana mdomo wake, siwezi kuufunga."

Nilirudi nyumbani nimefumba kile kikuba ndani ya kiganja. Nikakiweka mbele ya Mboni.

"Sikusema uongo, mama," akaanza kabla sijauliza. "Sikusema kitu chochote."

"Kila mlango ulikuwa ukisema. Mlango ule ndio ukanyamaza?"

"Kwani mimi ni mdomo wake mpaka lini? Ana shule, ana viatu, ana tangazo, ana picha! Na aijue eda mwenyewe! Hii moja ilikuwa yangu, mama. Kujua watu. Kwa nini nimpe na hii?"

Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa. Maana alilosema lilikuwa kweli kwake. Hicho alichokuwa nacho peke yake ndicho alichokitumia.

Dada yake Bi Mwanamvua hakungoja. Mboni alipotoka tena na beseni lake, alipiga hodi nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, na huku mchi unasikika kinuni. Kote alikopita tangu utoto wake kwa karibu na kicheko, hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja tu, mzee, alimjibu kutoka ndani: "Pita, mwanangu. Hatujui leo utatunyamazia nini." Bwana Idarusi akamfuata nyuma akiona kwa macho yake. Mnadi asiyefunguliwa milango atanadi kwa nani? Picha ikaahirishwa, kisha ikanyamaziwa.

Bertha naye alikuja, pamoja na mama yake, Ruthi, kutoka Maramba. Kwanza walifika kwangu. Nilitaka kujificha, lakini Bertha akaniambia, "Shikamoo, mama. Nimekuja uniambie namna ya kwenda kumwomba radhi." Basi niliyemfunza eda ni mimi. Nilimwambia aoge bila sabuni yao, ajifunike kanga, asibebe kikapu, akae chini na asiseme kwanza. Walikwenda. Ruthi, Mlutheri yule, alikaa kwenye mkeka wa Bi Mwanamvua na kumwambia kuwa naye amezika mume wa kwanza, na wakalia pamoja. Bertha alikuwa amechukua kipande cha sabuni ya kawaida, isiyo na harufu yoyote. Akakiweka karibu na mlango, hakukinadi.

Bwana Idarusi akamrudishia beseni, na wanawake wakaanza kumfungulia. Nyumba moja, nyumba nyingine. Akawa anauliza mwenyewe mlangoni, kabla ya lolote, "Hamna msiba humu?" na Bwana Idarusi akawaamuru wanadi wote wafanye vivyo hivyo. Kisha siku moja nilikwenda dukani kununua mafuta ya taa, nikamkuta Bertha ukutani, mkubwa kuliko mlango, kanyanyua mkono mmoja. Chini yake yameandikwa yale maneno yake. Mboni tangu hapo hununua duka la mbali, mvua inyeshe jua liwake.

Siku za eda ya Bi Mwanamvua zilipotimia, ikajulikana atafanya shughuli ya kutoka eda, na anatakiwa mtu wa kupita kualika. Kazi ile mtaani kwetu ni ya nyumba yetu, tangu mama yangu. Asubuhi Mboni alioga mapema, akavaa kanga mpya, akakaa karibu na mlango akisubiri kuitwa. Nilimwona anasafisha koo kidogo kidogo.

Ikapigwa hodi. Aliyepiga akasubiri, kama anavyosubiri mtu aliyefunzwa. Mboni akainuka, akafungua ubao mmoja wa mlango.

Alikuwa Bertha. Pekupeku, kanga imefungwa sawasawa, viatu kavua kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hamna msiba humu?"

"Hamna."

"Bi Mwanamvua anatoka eda. Anakualika wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Kaniambia niseme na wote, nisiruke mtu."

Mboni alikuwa amejificha nyuma ya ule ubao wa pili. Bertha alijua yupo, maana alitulia pale kidogo, akiutazama ubao ule. Kisha akaenda mlango wa jirani.

"Amekosea," Mboni akanong'ona, macho yamemwiva. "Alitakiwa aanzie nyumba ya kona. Bibi alikuwa anaanzia kona. Na kanga kaifunga upande."

Kanga ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo haijaniachia mpaka leo.

"Twende, mwanangu," nikamwambia. "Umealikwa."

"Nenda wewe."

Nikaenda peke yangu. Nyumba ilijaa. Bi Mwanamvua alitolewa, kaogeshwa, kavaa kanga mpya, na wanawake wakampaka hina na kumfukiza udi. Akatazama huku na huku mpaka akamwona Bertha ameketi nyuma karibu na mtungi.

"Wewe, njoo hapa. Na beseni lako."

Bertha akaja, beseni mikononi. Bi Mwanamvua akanyoosha mkono, si ule waliousugua kwa majivu, ule mwingine.

"Uliniosha mmoja," akasema. "Huu nao uko dukani mpaka lini?"

Vigelegele vilivyopigwa vilivuka barabara nzima. Najua vilifika kwetu, maana niliporudi nilimkuta Mboni amefunga madirisha yote mchana kweupe, na joto lile, anachambua mchele gizani.